Mwamba ngoma asivutie kwake: Somo la usanifu kutoka soko la Gakoromone

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii, ambayo walimu wengi huifafanua kwa kuwataja viongozi wabinafsi, inawahusu pia watu tusiowafikiria sana: wale wanaoketi ofisini na kuamua skrini ya simu au ya tarakilishi itaonekana vipi, kitufe kipi kitatangulia na maneno gani yataandikwa juu yake. Aghalabu wao huunda kile kinachowaelea wao wenyewe. Kisha mama anayeuza ndizi katika soko la Gakoromone mjini Meru anaposhindwa kukitumia, huambiwa kwamba hajasoma.

Hoja ya makala haya ni kwamba chombo kinachowatatiza watu wengi kina kasoro ya usanifu. Isitoshe, kasoro hiyo huanzia katika lugha mara nyingi kuliko tunavyodhani. Kwa hiyo si jambo la kuachiwa wahandisi peke yao. Linamhusu mwalimu wa Kiswahili na mwanafunzi wake.

Anayeanza kujifunza taaluma hii hukutana na dhana mbili ambazo huchanganywa sana. Ya kwanza ni kiolesura, yaani ile sehemu ya chombo ambayo mtu huiona, huigusa na kuisoma: vitufe, menyu, rangi, picha na maandishi. Ya pili ni tajriba ya mtumiaji, yaani yote anayoyapitia mtu huyo tangu anapopata haja ya kufanya jambo hadi anapolikamilisha au kulikatia tamaa.

Soko lenyewe linatuonyesha tofauti hii. Mchuuzi hupanga nyanya zake katika mafungu, kila fungu na bei yake. Mahindi na maharagwe hupimwa kwa gorogoro, mkebe ambao kila mnunuzi anaujua ujazo wake. Anayefika hapo hahitaji kufundishwa jinsi ya kununua, kwa maana mpangilio wenyewe unazungumza. Hicho ni kiolesura, na ni kizuri. Hata hivyo, mnunuzi akikosa pa kupita kwa sababu ya matope, akasubiri chenji kwa muda mrefu na kisha akagundua njiani kwamba nusu ya nyanya zimeoza, tajriba yake imeharibika hata kama meza ilipendeza. Kiolesura ni sehemu ya tajriba, wala hakiwezi kuiokoa peke yake.

Mtaalamu ambaye jina lake halikosekani katika masomo haya ni Donald Norman wa Marekani. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1988 kuhusu vyombo vya kila siku, alichukua mfano wa mlango. Mlango wenye kishikio humwalika mtu kuuvuta. Ikiwa mlango huo hufunguka kwa kusukumwa, watu watauvuta kila siku, na mwenye jengo atabandika karatasi iliyoandikwa "Sukuma". Norman alisema kwamba mlango unaohitaji maelezo umesanifiwa vibaya, na kwamba anayeuvuta hana hatia. Huo ndio msingi wa taaluma nzima: kosa linalorudiwa na wengi ni ushahidi dhidi ya chombo.

Hapa kwetu Kenya hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta mfano. Huduma ya M-Pesa ilipoanza kufanyiwa majaribio mwaka 2005, lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa shirika moja la mikopo midogo kulipa madeni yao kwa simu. Wasanifu walipowatazama wale waliokuwa wakiijaribu, waligundua kwamba watu walikuwa wakiitumia kwa shughuli zao nyingine, hasa kutumiana fedha wao kwa wao. Lau wangekuwa waamba ngoma wa methali yetu, wangewakemea watu hao kwa kutofuata maagizo. Badala yake waliyafuata matumizi ya watu. Huduma ilipozinduliwa rasmi mwezi Machi 2007, ilijitambulisha kwa jambo moja lililoeleweka na kila mtu: kutuma pesa nyumbani.

Tuzitazame kanuni tatu za awali kwa kuitumia huduma hiyo kama kielelezo.

Kanuni ya kwanza ni kwamba ni rahisi mtu kutambua kuliko kukumbuka. Menyu iliwekwa ndani ya kadi ya simu, hata simu ya bei nafuu kabisa ikaweza kuionyesha. Mtu alisoma orodha, akachagua. Lingekuwa jambo jingine kabisa kumtaka akariri mfululizo wa tarakimu zilizozungukwa na alama za nyota na reli kwa kila jambo atakalo kufanya.

Kanuni ya pili ni mrejesho. Chombo hakina budi kumjulisha mtu kwamba alilolitenda limetendeka. Ujumbe mfupi humfikia mtumaji na mpokeaji pia, ukitaja kiasi, jina na salio. Mchuuzi wa Gakoromone hamkabidhi mteja gunia la viazi kabla ujumbe haujaingia. Biashara nzima imesimama juu ya sentensi mbili tatu zinazotokea kwenye skrini ndogo.

Kanuni ya tatu ni kuzuia kosa kabla halijatendeka, na kumpa aliyekosea njia ya kurudi nyuma. Katika miaka ya mwanzo, aliyekosea tarakimu moja ya namba ya simu alimtumia mgeni fedha zake, na kuzipata tena ikawa kazi ngumu. Ingewezekana kuendesha kampeni ya kuwaonya wananchi wawe waangalifu. Lililosaidia zaidi ni hatua ya ziada iliyoitwa Hakikisha, ambayo ilimwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa muda mfupi wa kusitisha shughuli. Binadamu alibaki alivyo, kilichobadilishwa ni chombo.

Msomaji makini atakuwa ameliona jambo la kiisimu hapa. Hakikisha ni kitenzi katika hali ya kuamrisha. Ndivyo yalivyo na majina mengine ya huduma za simu tuliyoyazoea: Lipa, Okoa, Fuliza. Kila moja linataja kitendo. Kitufe kilichoandikwa "Tuma" humweleza mtu kitakachotokea akikibonyeza, ilhali kilichoandikwa "Uwasilishaji" humwacha akijiuliza.

Na hapa ndipo mafunzo yetu ya darasani yanapogongana na mahitaji ya skrini. Tunapofundisha insha, tunamsifu mwanafunzi anayetumia visawe vingi. Akiandika "tuma" katika aya ya kwanza, tunataka kuona "wasilisha" katika ya pili na "peleka" katika ya tatu. Kwenye kiolesura, ufundi huo ni sumu. Mtu anayeona "tuma" ukurasa huu na "wasilisha" ukurasa unaofuata atadhani ni vitendo viwili tofauti, na ataogopa. Kitendo kimoja kipewe neno moja, nalo lisibadilike hadi mwisho.

Vivyo hivyo kuhusu istilahi. Sisi wanaisimu tunalipenda neno "nywila", nalo ni neno zuri. Lakini mchuuzi anayetumia simu yake kila siku anasema "namba ya siri". Aliyekabidhiwa jukumu la kuandika maneno ya skrini hana budi kuanzia pale alipo mtumiaji. Istilahi mpya ifundishwe shuleni na magazetini, ambako mtu ana nafasi ya kuuliza. Isifundishwe mahali ambapo fedha zake zinasubiri.

Tatizo kubwa zaidi limefichika ndani ya sarufi. Programu nyingi huundwa kwanza kwa Kiingereza, na mwandishi wake huandaa sentensi zenye pengo ambalo tarakilishi itajaza nomino yoyote. Katika Kiingereza jambo hilo halileti shida, kwa sababu neno la kueleza kwamba kitu kimefutwa halibadiliki, kiwe ni picha, kitabu au jina. Kiswahili ni lugha ya ngeli. Tunasema picha imefutwa, kitabu kimefutwa, jina limefutwa, majina yamefutwa, ujumbe umefutwa. Mfasiri akipewa pengo na kitenzi kimoja tu, lazima tarakilishi itatamka "kitabu imefutwa", na Mswahili ataisoma sentensi hiyo kama anavyomsikia mgeni asiyeijua lugha. Fauka ya hayo, vitenzi vyetu hubeba nafsi, wakati, mtendwa na kauli ndani ya neno moja. Neno kama "tutakutumia" halienei kwenye kitufe kilichokatwa kwa kipimo cha neno fupi la kigeni, hivyo hukatwa katikati. Tiba yake si kufasiri kwa bidii zaidi. Mjuzi wa Kiswahili akae na mwandishi wa programu tangu siku ya kwanza, kabla mapengo hayajachimbwa.

Wapo watakaosema kwamba lugha yetu haijakomaa kwa kazi hii. Jibu lilitolewa mwaka 2004, wakati mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili. Uwezo upo, kinachokosekana ni mazoea ya kuutumia.

Mbona basi jambo hili ni zito? Ni zito kwa sababu huduma za umma zinahamia kwenye skrini. Mwezi Juni 2023 Serikali ya Kenya ilizindua mpango wa Gava Mkononi, ikatangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zinapatikana mtandaoni. Ni hatua njema. Hata hivyo, mwananchi asiyeielewa skrini hujikuta kwenye saiba, akimlipa kijana amjazie fomu na kumtajia namba yake ya kitambulisho pamoja na neno lake la siri. Huduma iliyokusudiwa kumwondolea mtu wa kati imempa mtu wa kati mwingine, aliyeshika ufunguo wa nyumba yake. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na ibara ya 54 inawapa watu wenye ulemavu haki ya kufikia vifaa na habari. Skrini isiyosomeka ni ofisi ya serikali iliyofungwa mlango mchana kweupe.

Kwa walimu, napendekeza zoezi lisilogharimu chochote. Wape wanafunzi kazi ya kuandika maneno ya vitufe vitano na jumbe tatu za hitilafu. Badala ya "Hitilafu 404", waandike: "Ukurasa huu haupo. Rudi mwanzo." Watagundua kwamba kuandika maneno matano yanayoeleweka ni kugumu kuliko kuandika kurasa tano za insha.

Kwa wanafunzi wa tarakilishi, wakiwemo wale wa chuo kikuu kilichoko Nchiru, soko la Gakoromone ni maabara iliyo wazi. Mtaalamu Jakob Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba kuwatazama watu watano tu wakijaribu chombo kunatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro zake. Basi waombeni wachuuzi watano, kwa hiari yao na wakati ambapo hawana wateja, wajaribu mlichounda. Msiwaelekeze, wala msiwacheke. Tazameni kidole kinasita wapi, na muulize walitarajia nini pale kiliposita. Kuuliza si ujinga, na majibu yao ndiyo yatakayowaambia ngozi ivutwe upande gani.