Mashine ya majani iliyolala stoo: iwashe kwanza, ndipo upige picha

Leo naongea na tunaouza mashine za kukata majani za petroli, za mtumba na hata mpya zilizokaa sana. Mimi nipo Arusha, duka dogo, oda nyingi zinaingia WhatsApp. Ufundi sijausomea chuo, nimejifunza kwa kufungua na kufunga.

Msimu wetu unajulikana. Masika yakianza Machi mpaka Mei, majani yanapanda kila wiki, kuanzia Njiro na Sakina mpaka Usa River. Hapo ndipo simu zinaita. Tatizo ni kwamba mashine nyingi zimelala tangu kiangazi. Za kutoka Ulaya zimelala zaidi, maana kule wakati wa baridi majani hayakui, mashine inawekwa stoo miezi kadhaa, halafu ndo inapanda kontena. Ikikufikia ukavuta kamba mara 20 isiwake, usishangae. Na usiiuze kama skrepa.

Kwa nini ujisumbue? Wateja wangu wengi ni vijana wanaokata majani ya nyumba za watu kwa kutwa. Kijana akinunua leo, kesho saa moja asubuhi yupo getini kwa bosi wake. Mashine ikigoma amepoteza siku, na huenda hiyo nyumba amepewa mwingine. Na wewe umempoteza yeye pamoja na wenzake wote wa kijiweni.

Fuata mpangilio huu. Fanyia nje, mbali na jiko la mkaa na sigara.

1. Chomoa waya wa plagi kabla ya kugusa kisu. Ukiilaza mashine, upande wa kabureta na chujio la hewa uwe juu. Ukilaza vibaya, oili inaingia kwenye chujio na umejiongezea kazi.

2. Mwaga petroli ya zamani yote. Hapa ndipo ugonjwa mwingi ulipo. Watengenezaji wa injini kama Briggs & Stratton wanashauri petroli isikae zaidi ya siku 30 bila dawa ya kuihifadhi. Ile sehemu nyepesi inayoshika moto haraka inapotea hewani, inabaki nzito, na mwisho inaganda kama gundi ndani ya kabureta. Petroli iliyochacha utaijua kwa harufu, na rangi yake huwa nzito. Weka mpya, kidogo tu ya kujaribia.

3. Angalia oili kwa kijiti chake. Kama ni nyeusi tii, badilisha.

4. Chujio la hewa. La sponji lioshe kwa maji na sabuni, likauke kabisa, lipake oili kidogo na ulikamue. La karatasi ligonge taratibu vumbi litoke, usilioshe. Likiwa limejaa vumbi letu la hapa, nunua jipya.

5. Fungua plagi. Isafishe kwa brashi ya waya. Nafasi ya pale juu kwenye injini nyingi ndogo ni kama milimita 0.7 hadi 0.8. Futa petroli iliyomwagika, rudisha waya, gusisha chuma cha plagi kwenye mwili wa injini, vuta kamba uone cheche. Hakuna cheche? Jaribu plagi nyingine kabla hujamwita fundi.

6. Soma plagi. Umevuta mara kadhaa, ukaifungua, ikatoka kavu? Basi petroli haifiki, nenda kwenye kabureta. Imelowa chapachapa? Injini imelewa petroli. Ikaushe, zima choki, subiri kidogo, jaribu tena.

7. Kabureta. Funga koki ya mafuta, kama haina toa petroli kwenye tanki. Fungua nati ya chini ya bakuli, safisha gundi yote. Kitundu cha jeti kizibue kwa uzi mmoja wa shaba wa waya wa umeme. Usitumie sindano, chuma kigumu kinapanua tundu na mashine itakunywa mafuta.

Sasa washa. Koki wazi, choki imefungwa, shika ule mkono wa pili wa usukani ubane. Mashine nyingi ukiuachia zinajizima zenyewe, na nimeshaletewa nzima kabisa zinaitwa mbovu kwa sababu hiyo tu. Vuta kamba taratibu mpaka ushike uzito, kisha vuta kwa nguvu mara moja.

Ikiwaka halafu ikafa baada ya dakika chache, legeza kifuniko cha tanki. Ikiendelea vizuri, kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba.

Ikiwa kamba inakurudishia mkono kwa nguvu, uliza kama iligonga jiwe. Bustani za huku Meru zina mawe ya volkano yamejificha kwenye majani. Kisu kikigonga, kachuma kadogo kanakoshikilia gurudumu la sumaku kanaweza kukatika, na cheche inatoka wakati si wake. Kachuma ni bei ndogo, ila kulifungua gurudumu mwachie fundi.

Kingine mwambie mteja ukweli kuhusu mwinuko. Honda wanaandika kwamba nguvu ya injini hupungua karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za kupanda. Arusha mjini ni kama mita 1,400, kwa hiyo ukilinganisha na Dar imeshapungua kama asilimia 16. Wa kule juu Olmotonyi itapungua zaidi, na plagi inaweza kuwa nyeusi mapema. Akijua kabla ya kulipa, hatakuja kusema umemuuzia chenga.

Kwa zile za begani zinazochanganywa, fuata uwiano wa mtengenezaji. 50:1 maana yake lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili. Petroli tupu inaua pistoni.

Ikishawaka, iache ipoe mpaka kesho yake. Ndipo urekodi video. Anza kwa kuweka kiganja kwenye injini ionekane ni ya baridi, kisha vuta, usikate video katikati. Mnunuzi anayejua anaogopa mashine iliyopashwa moto kabla hajafika. Video ya namna hiyo inajibu maswali mengi kabla hayajaulizwa, hata kwa mteja wa Babati anayetuma hela bila kukuona.

Na zile ambazo hazijauzwa mvua zikiisha, mwaga petroli, washa mpaka izime yenyewe, ndipo uweke stoo. Hiyo ni dakika kumi leo, badala ya nusu siku ya kufungua kabureta mwakani.