Rangi Moja Katika Mahame ya Kolmanskop

Mbinu ya rangi teule, yaani kubakiza rangi moja katika picha huku nyingine zikipaukishwa hadi kukaribia kijivu, hupendwa sana na wapigapicha wa majengo yaliyohamwa, na mara nyingi huharibiwa na haohao, kwa kuwa wengi huifanya pambo la kutiwa nyumbani ilhali uamuzi wake hupaswa kufanyika mbele ya ukuta wenyewe. Kolmanskop, kusini mwa Namibia, panalidhihirisha jambo hili: mji huo uliibuka baada ya mfanyakazi wa reli, Zacharias Lewala, kuokota almasi mwaka 1908, ukajengewa hospitali na ukumbi wa dansi, kisha ukahamwa kabisa kufikia 1956, na mchanga wa jangwa ukaingia bila hodi.

Mchanga huo una umanjano uleule wa mbao na kutu, wakati kuta bado zina masalia ya samawati na kijani. Tofauti hiyo ni bahati kwa mpigapicha, kwani akipunguza ukolevu, yaani nguvu ya rangi, katika manjano na machungwa pekee, mchanga hupoa ukawa kama majivu na ukuta hubaki hai. Anayetaka mlango wa mbao ubaki na mchanga upauke hana njia ya mkato. Itambidi atumie maski, ambayo ni utando usioonekana unaokinga sehemu zisizotakiwa kuguswa na programu ya kuhariri.

Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Mchanga huakisi mwanga wa manjano kwenye sehemu ya chini ya ukuta, na ukuta nao hutupa samawati hafifu juu ya mchanga, hivyo anayeukata mpaka wa mchanga na ukuta kama kwa wembe hupata ukuta unaofanana na karatasi iliyobandikwa. Ni afadhali mchanga uachiwe ukolevu kidogo, na mwanga upimwe dirishani ili pembe za chumba zizame gizani zenyewe.

Koti jekundu la mtoto katika filamu ya Schindler's List ya mwaka 1993, ambayo karibu yote ni ya rangi nyeusi na nyeupe, hukumbukwa kwa sababu wekundu huo hurudi baadaye juu ya maiti. Vivyo hivyo, huko Kolmanskop, kinachostahili kubakizwa ni rangi ya ukuta, iliyochaguliwa na mtu aliyekusudia kuishi humo, wala si anga la buluu dirishani, ambalo lingekuwapo hata kama mji usingejengwa.