Mtendaji Ametumwa na Sheria Ipi?

Mkulima wa Matai, wilayani Kalambo, amekodi gari kupeleka magunia 9 ya mahindi Sumbawanga mjini. Njiani anasimamishwa getini na kudaiwa ushuru wa mazao. Anaomba, anapigiwa hesabu, analipa, anapewa risiti, safari inaendelea. Kwa macho ya kawaida hakuna kosa hapo: fedha imeingia halmashauri na risiti imetoka. Lakini mwaka 2017 Bunge liliibadili Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na tangu hapo mkulima anayehamisha mazao yake yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi. Magunia 9 ya kilo mia hayajafika tani. Mkusanyaji ametoza kitu ambacho hakuna sheria inayomruhusu kukitoza, na risiti yake ndiyo ushahidi dhidi yake.

Nimeanza na geti kwa sababu maswali mengi ya kisheria yanayomkabili mtumishi wa serikali za mitaa, awe Kalambo au kwingine, ni ya namna hiyo. Watumishi wengi hufikiri sheria itawauliza kama walikula fedha. Huwauliza hilo, lakini kabla yake huuliza: nani alikupa mamlaka, na yanaishia wapi?

Chukua sheria ndogo za kijiji. Mkutano mkuu umeketi, wananchi wamenyoosha mikono, wamekubaliana kwamba asiyefika kwenye kazi za maendeleo atozwe faini. Mtendaji anaandika muhtasari, kesho yake anaanza kutoza. Kura ile haitoshi. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, sheria ndogo hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu hutoa maoni yake, kisha baraza la madiwani la wilaya huidhinisha. Bila idhini hiyo, kilichopo ni makubaliano ya watu wema, na makubaliano hayo hayamruhusu mtu kuchukua kuku wala baiskeli ya jirani. Mtendaji anayebeba baiskeli ya mdaiwa wa mchango wa darasa, bila sheria ndogo iliyoidhinishwa wala amri ya mahakama, hawezi kujificha nyuma ya mkutano. Aliyebeba ni yeye.

Kwa wakubwa mambo ni hayohayo. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48. Zile saa 48 zinajulikana na kila mtu. Kinachosahaulika ni masharti yake: pawepo hofu ya kweli ya kuvunjika kwa amani au kutendeka kwa kosa, na sababu ziandikwe. Saa zikiisha bila mashtaka, mtu aachiwe. Sheria hiyohiyo inasema kuyatumia vibaya mamlaka hayo ni kosa la jinai. Mwananchi aliyembishia kiongozi kwenye mkutano wa hadhara hajavunja amani ya mtu, amemkera tu. Na mtendaji wa kijiji ambaye naye hufungia watu stoo ya ofisi kwa kuiga wakubwa asidhani kwamba zile saa 48 zinamhusu yeye.

Kuhusu fedha mbichi sitasema mengi. Makusanyo huingizwa benki kwanza, ndipo hutumika kwa utaratibu wa malipo. Mtendaji anayenunulia ofisi dizeli kwa fedha iliyokusanywa kwa mashine ya POS ambayo bado haijaenda benki, hata kama dizeli ilikuwa ya kumpeleka mgonjwa, amejiweka mahali ambapo TAKUKURU na mkaguzi wote wawili wana haki ya kumuuliza. Huruma ya mgonjwa huzingatiwa wakati wa adhabu, si wakati wa kuthibitisha kosa.

Sasa tumgeuze mtumishi awe mlalamikaji, maana huku ndiko nionako watu wakipoteza haki zao zaidi. Mtumishi amefukuzwa kazi. Jirani aliyekuwa akifanya kazi kampuni binafsi anamwambia akimbilie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ushauri huo ulikuwa na mantiki zamani. Mwaka 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma iliongezewa kifungu kinachomtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia za ndani ya sheria hiyo, na mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililohusu Shirika la Posta, ikasema wazi kwamba CMA haina mamlaka juu ya migogoro ya watumishi wa umma.

Njia ya ndani ni hii: kutoka mamlaka ya nidhamu ya halmashauri, rufaa huenda Tume ya Utumishi wa Umma, kisha kwa Rais. Mwalimu ana tume yake, Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Siku za kukata rufaa ni 45. Baada ya Rais ndipo Mahakama Kuu huombwa kuupitia uamuzi, na mwombaji ana miezi sita ya kuomba kibali. Anayekaa mwaka mzima CMA halafu akaambiwa amepotea njia, siku zake 45 zimeshaoza.

Barua ya ajira nayo huamua mengi. Mwaka 2017, katika uhakiki wa vyeti, serikali ilitangaza watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wimbi hilo liliwakumba pia watendaji wa vijiji walioishia darasa la saba, ambao hawakughushi chochote. Aprili 2018 serikali ikaelekeza kwamba walioajiriwa kabla ya 20 Mei 2004, tarehe ambayo sifa ya kidato cha nne ilianza kudaiwa, warudishwe kazini. Watu wawili wenye elimu moja, wamefanya kazi moja, mmoja karudi na mwingine kabaki nyumbani, kwa tofauti ya tarehe iliyopigwa chapa kwenye karatasi. Aliyekuwa ameitunza barua hiyo hakuhitaji hoja nyingine.

Limebaki la mwananchi anayetaka kuishtaki serikali yake ya mtaa, na hapa nakiri sheria inanikwaza. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, shauri dhidi ya halmashauri ni shauri dhidi ya serikali: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Mzee anayegombania ekari mbili na halmashauri ya kijiji chake, ambayo zamani angeipeleka baraza la ardhi na nyumba la wilaya, sasa anatakiwa Mahakama Kuu, Sumbawanga. Nauli anaweza kuipata. Wakili wa Mahakama Kuu kwa ekari mbili ni habari nyingine, na wengi huamua kuiacha ardhi.

Akifika huko, hata hivyo, hoja inaweza kuwa fupi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Wakili wake ataomba muhtasari wa mkutano ulioidhinisha ugawaji pamoja na orodha ya mahudhurio, na wa kuvitafuta kwenye makabati ya ofisi ni mtendaji aliyepo leo, hata kama ardhi iligawiwa na mtangulizi wake aliyehamishwa zamani.