Bill Bradley: Mshambuliaji Aliyekubali Kuwa Mmoja wa Watano

Wahenga wamenena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kila askari ameusikia msemo huu, na pengine umemchosha, kwa kuwa hukaririwa kila penye gwaride na kila penye mchezo. Leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mchezaji mmoja wa mpira wa kikapu wa Marekani ambaye maisha yake yaliupima msemo huo kwa pande zote mbili. Kwanza alikuwa kidole kirefu kupita vyote katika timu ya wanafunzi. Baadaye akawa kidole kimoja tu kati ya vitano katika timu ya mabingwa. Mchezaji huyo ni William Warren Bradley, ajulikanaye zaidi kwa jina la Bill.

Bradley alizaliwa tarehe 28 Julai, 1943, katika mji mdogo wa Crystal City, jimbo la Missouri, karibu na mto Mississippi, mji uliojulikana kwa kiwanda chake cha vioo. Baba yake alikuwa mkuu wa benki ya hapo, naye alikuwa na maradhi ya uti wa mgongo yaliyomfanya ashindwe hata kujifunga kamba za viatu. Kwa hiyo kijana huyu hakulelewa katika dhiki, wala hakusukumwa na njaa kuucheza mpira. Jasho alilolitoa alilitoa kwa hiari yake, na hapo ndipo habari zake zinapoanza kuwa na faida kwetu.

Alipokuwa katika shule ya sekondari alijiwekea ratiba ambayo hata sajini mkali wa mafunzo asingeiongezea neno. Siku za masomo alifanya mazoezi kwa saa tatu na nusu baada ya kutoka darasani. Jumamosi alianza saa tatu asubuhi akamaliza saa kumi na moja jioni. Jumapili alianza saa saba na nusu mchana, akaendelea mpaka saa kumi na moja. Ndani ya viatu vyake alitia vipande vya risasi, yale madini mazito, vyenye uzito wa ratili kama kumi, ili miguu iliyozoea mzigo iwe myepesi siku ya mchezo. Alipanga viti sakafuni akavifanya wapinzani wake, kisha akapenya katikati yake huku akidundisha mpira. Tena alivaa miwani iliyobandikwa karatasi ngumu upande wa chini, asiweze kuuona mpira aliokuwa akiudundisha, bali macho yake yabaki mbele daima. Askari aliyefundishwa kuifungua na kuifunga bunduki yake gizani ataielewa maana ya miwani hiyo bila kuelezwa.

Mavuno ya kazi hiyo yalikuwa pointi 3,068 katika mashindano ya shule za sekondari, na vyuo zaidi ya sabini vikamwita, kila kimoja kikiahidi kumlipia masomo ili akichezee. Alikuwa amekwisha kukubali kwenda Duke. Lakini kiangazi cha mwaka 1961 alivunjika mguu akicheza besiboli, na katika kuuguza mguu huo akaanza kujiuliza maisha yake yangekuwaje kama asingeweza kucheza tena. Akaghairi. Akaenda Chuo Kikuu cha Princeton, ambacho hakimlipii mtu karo kwa ajili ya mchezo. Gharama zote zikabaki juu ya baba yake. Huko alisoma historia, na tasnifu yake ya mwisho aliiandika juu ya Harry Truman, mwenyeji wa jimbo lake la Missouri, ambaye kabla ya kuwa Rais aliongoza kikosi cha mizinga katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kwa faida ya wasomaji wasioufahamu sana mchezo huu, tuseme kwamba kila timu huwa na wachezaji watano uwanjani: walinzi wawili wanaouleta mpira mbele, mchezaji wa katikati, ambaye kwa kawaida ndiye mrefu kuliko wote, na washambuliaji wawili wa pembeni. Bradley alikuwa mshambuliaji. Kimo chake kilikuwa futi 6 na inchi 5, kimo ambacho mtaani kingemtisha mtu lakini katika mpira wa kikapu ni cha kawaida tu. Hakuwa na mbio nyingi wala hakuruka juu kuliko wenzake. Alichowashinda nacho ni kulenga, na kujua mahali pa kusimama.

Katika mwaka wake wa kwanza, akichezea timu ya wanafunzi wapya, alifunga mitupo ya faulo 57 mfululizo bila kukosa hata mmoja. Katika miaka mitatu iliyofuata aliichezea timu kubwa ya chuo mara 83, akafunga pointi 2,503, yaani zaidi ya pointi 30 kwa kila mchezo. Na katika kila mwaka wa mitatu hiyo Princeton walikuwa mabingwa wa ligi yao. Mwandishi John McPhee, aliyetunga kitabu juu yake mwaka 1965, ameeleza jambo moja linalostahili kusimuliwa katika kila kiwanja cha shabaha. Siku moja Bradley alikwenda kufanya mazoezi katika ukumbi wa shule nyingine. Alikosa mara kadhaa mfululizo, akatua mpira, akasema kikapu kile kimefungwa chini ya kiwango kwa inchi moja na nusu hivi. McPhee alirudi baadaye na kipimo, akapima. Kikapu kilikuwa chini kwa inchi moja na sehemu ya nane. Macho ya kijana yule yalikuwa yamekwisha kuwa kipimo.

Mwezi wa Oktoba 1964 alikuwa Tokyo katika Michezo ya Olimpiki, akiwa mdogo kuliko wote katika timu ya Marekani. Marekani waliwashinda Warusi 73 kwa 59 katika mchezo wa mwisho, naye akarudi na nishani ya dhahabu akiwa bado mwanafunzi.

Sasa tufike kwenye usiku ambao tunaona ndio kiini cha habari hizi. Tarehe 30 Desemba, 1964, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Princeton walipambana na Chuo Kikuu cha Michigan. Michigan walikuwa majabali, na nyota wao alikuwa Cazzie Russell, kijana aliyetajwa pamoja na Bradley katika kila mabishano ya wapenzi wa mchezo. Usiku ule Bradley alicheza kama mtu aliyepewa viwanja viwili. Alifunga pointi 41. Alipohitajiwa kuuleta mpira mbele aliuleta, na alipohitajiwa kulinda alilinda. Zikiwa zimebaki dakika 4 na sekunde 37 Princeton walikuwa mbele, 75 kwa 63. Hapo Bradley akahesabiwa faulo ya tano, na kwa sheria za mchezo huo mwenye faulo tano hutoka, harudi tena. Watazamaji walisimama wakampigia makofi kwa muda mrefu.

Makofi yalipokwisha, mchezo ulikuwa bado haujakwisha. Bila yeye, wenzake hawakujua mpira waupeleke kwa nani. Michigan wakabana kila njia, wakapokonya, wakafunga. Katika dakika zile chache Michigan walipata pointi 17 na Princeton pointi 3 tu. Sekunde za mwisho Russell akarusha, mpira ukaingia, na hesabu ikafungwa Michigan 80, Princeton 78. Bradley aliyatazama hayo yote akiwa amekaa bao la akiba.

Tunaweza kuutazama usiku huo kwa namna mbili. Wengi waliutazama kama utukufu wa Bradley, kwa kuwa hapana ushahidi mkubwa wa thamani ya mtu kuliko kuporomoka kwa wenziwe aondokapo. Sisi tunaona hiyo ni nusu ya hesabu. Kikosi kinachovunjika baada ya mtu mmoja kuondoka kilikuwa kimevunjika tangu awali. Kuwapo kwake kulificha ufa tu. Hatusemi hivyo kwa kumlaumu Bradley, maana yeye alikuwa mtoa pasi mwema kuliko wengi, na mara nyingi alimpa mwenzake nafasi ambayo angeweza kuitumia mwenyewe. Lakini kumpa mwenzako mpira ni jambo moja, na kumzoeza kusimama pasipo wewe ni jambo jingine.

Kwa heshima ya vijana wale, walijifunza upesi. Mwezi wa Machi 1965, katika mashindano ya vyuo vya nchi nzima, walikutana na Providence, timu iliyokuwa imepoteza mchezo mmoja tu msimu ule. Princeton waliwafunga 109 kwa 69. Bradley alipata pointi 41, lakini sifa ya siku ile haikuwa yake peke yake, kwani wachezaji wa Princeton kwa jumla waliingiza zaidi ya theluthi mbili ya mipira waliyoirusha. Hivyo wakaingia katika timu nne za mwisho, huko Portland, jimbo la Oregon. Hapo walikutana tena na Michigan, wakashindwa tena, 93 kwa 76.

Ukabaki mchezo wa kutafuta nafasi ya tatu, tarehe 20 Machi, dhidi ya Wichita State. Mchezo wa namna hiyo wachezaji wengi huucheza kwa kutimiza wajibu tu, kwa kuwa kombe limekwisha kupotea. Bradley alianza kwa desturi yake ya kuwagawia wenzake mpira. Lakini wenzake, wakijua kwamba ndio mchezo wake wa mwisho kwa chuo, walikuwa wakimrudishia ili arushe mwenyewe. Akarusha. Alirusha mara 29, akaingiza mara 22. Mitupo ya faulo 15, akaingiza 14. Jumla pointi 58, na Princeton wakashinda 118 kwa 82. Hapana mchezaji aliyezipita pointi hizo katika mchezo mmoja wa mashindano yale mpaka mwaka 1970, Austin Carr wa Notre Dame alipofunga 61. Ijapokuwa timu yake ilikuwa ya tatu, Bradley ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa timu zile nne.

Mtu mwingine angekimbilia fedha mara moja. Bradley alikwenda Uingereza kusoma Chuo Kikuu cha Oxford kwa msaada wa Rhodes. Akiwa huko alikuwa akisafiri kwenda Italia kuichezea timu ya Milano, ambayo mwaka 1966 ilitwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Mwaka 1967 aliingia Jeshi la Akiba la Anga la nchi yake, akatumikia miezi kadhaa, na mwezi wa Desemba mwaka huo akajiunga na timu ya kulipwa ya New York Knicks.

Hapo akaonja uchungu. Walimpanga kuwa mlinzi, na miguu yake haikuweza kuwafuata walinzi wepesi wa timu za kulipwa. Watazamaji wale wale wa New York waliompigia makofi wakati wa uanafunzi wakamzomea. Zaidi ya hayo, nafasi ya mshambuliaji aliyoistahili ilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa Cazzie Russell yule yule wa Michigan. Bradley hakunung'unika, aliendelea na mazoezi. Mwanzoni mwa mwaka 1969 Russell alivunjika kifundo cha mguu, Bradley akawekwa mahali pake, na pakawa pake moja kwa moja. Russell alipopona akakubali kuingia kutoka akiba. Mahasimu wa mwaka 1964 wakawa askari wa kikosi kimoja.

Mwaka 1970 Knicks walifika fainali dhidi ya Los Angeles Lakers, timu ya jitu Wilt Chamberlain mwenye futi 7 na inchi 1. Kila timu ilikuwa imeshinda michezo miwili. Katika mchezo wa tano, tarehe 4 Mei, nahodha wa Knicks, Willis Reed, ambaye peke yake ndiye aliyekuwa na mwili wa kumkabili Chamberlain, alianguka akiwa ameumia msuli wa paja. Wakati wa mapumziko Knicks walikuwa nyuma kwa pointi 13. Katika chumba cha kubadilishia nguo Bradley alitoa shauri la kubadili mpango, wachezaji watawanyike mbali na kikapu ili Chamberlain alazimike kutoka ngomeni mwake, na asipotoka wao warushe kwa nafasi. Kocha Red Holzman akalikubali. Wafupi wale walihangaika, walipokonya, walikimbia, nao wakashinda 107 kwa 100. Siku nne baadaye, katika mchezo wa saba, Reed alitoka akichechemea, akafunga vikapu viwili vya kwanza, wala hakufunga tena. Kazi iliyobaki ilifanywa na wenzake, hasa Walt Frazier aliyepata pointi 36. Knicks 113, Lakers 99. Ulikuwa ubingwa wa kwanza katika historia ya timu ile.

Tuzilinganishe sasa zile saa mbili. Mwaka 1964 Princeton walimpoteza mtu wao wakiwa mbele kwa pointi 12, wakashindwa. Mwaka 1970 Knicks walimpoteza nahodha wao wakiwa nyuma, wakashinda. Ni kweli kwamba Knicks walikuwa watu wazima waliolipwa na wale wengine walikuwa wanafunzi. Lakini katika Knicks kila mmoja aliijua kazi ya jirani yake, na hapana aliyengoja kuambiwa ni zamu ya nani. Bradley aliyefunga 58 kwa usiku mmoja akiwa mwanafunzi alimaliza miaka yake kumi ya kulipwa kwa wastani wa pointi 12 na kitu, jumla 9,217 katika michezo 742. Hesabu yake ilipungua zaidi ya nusu, na ndipo alipopata ubingwa mara mbili, mwaka 1970 na tena 1973.

Aliacha kucheza mwaka 1977. Mwaka uliofuata watu wa jimbo la New Jersey walimchagua kuwa Seneta, akashika kiti hicho tangu 1979 hata 1997, na sheria ya kodi ya mwaka 1986 ilipitishwa baada ya yeye kuihangaikia kwa miaka kadhaa pamoja na wajumbe wa vyama vyote viwili. Aliingizwa katika Jumba la Sifa la mchezo huo mwaka 1983. Mwaka 2000 aligombea kuteuliwa na chama chake kuwania Urais, akashindwa na Al Gore.

Ndugu askari na polisi wanaocheza mpira wa kikapu jioni watapenda kuzikumbuka zile pointi 58, na ni haki yao. Lakini makamanda na manahodha wa timu tunawaomba wazikumbuke zaidi zile dakika 4 na sekunde 37. Katika mazoezi yajayo wamtoe nje mchezaji wao bora, au mkuu wa seksheni yao, kisha watazame wanaobaki wanafanya nini. Watakachokiona ndicho kikosi walicho nacho.