Kebo ya Mtandao: Tuitambue Kabla ya Kulipa



Katika viwanda na mashamba kadhaa siku hizi mfanyakazi haandikwi tena daftarini anapofika kazini. Anaweka kidole kwenye mashine ya getini, nayo inapeleka habari kwenye kompyuta ya ofisi ya mishahara. Habari hizo hupita ndani ya kebo. Kebo ikiwa mbovu, habari zinaweza kuchelewa au kupotea, na saa isiyofika ofisini huenda isilipwe. Kwa hiyo kebo si jambo la fundi peke yake.

Ndani ya ganda la kebo hii mna nyaya nane nyembamba, zimesokotwa mbili mbili kuwa jozi nne. Kusokotwa huko si pambo. Ndiko kunakozuia jozi moja kuvuruga habari za jozi nyingine. Daraja la kebo huandikwa juu ya ganda, nayo madaraja yanayouzwa sana ni haya:

Cat 5e. Hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Mashine ya getini, kompyuta za ofisi na printa hutosheka nayo.

Cat 6. Hupitisha gigabiti 1 hadi mita 100, na gigabiti 10 kwa mita 55 hivi. Yafaa kwa jengo jipya, maana kupasua ukuta mara ya pili ni gharama kubwa.

Cat 6A. Hupitisha gigabiti 10 hadi mita 100. Ni nene, ngumu kukunja na ghali. Kuinunua kwa ajili ya mashine ya getini ni kutupa fedha. Tena, ukiifunga kwa plagi za Cat 5e, umelipia daraja la juu ukapata la chini.

Yote matatu yana mpaka mmoja: mita 100. Toka getini hadi ofisini mara nyingi ni mbali zaidi. Hapo daraja kubwa halisaidii. Inatakiwa swichi katikati au kebo ya faiba. Baina ya majengo faiba ni bora, kwa kuwa nyuzi zake za kioo hazipitishi umeme wa radi.

Jihadharini na hila moja. Ziko kebo zilizoandikwa Cat 6 ambazo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba. Kebo hizo hazitimizi masharti ya daraja lolote, hata zikiandikwa nini. Ni nyepesi, hukatika upesi zikikunjwa, na zikipitisha pia umeme wa kuendesha mashine hupata joto kuliko shaba. Kwangua ncha ya waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, si shaba tupu. Cat 5e ya shaba tupu ni bora kuliko Cat 6 ya alumini.

Mahali nako kuna maana. Kebo isilazwe pamoja na nyaya za umeme wala kando ya mota kubwa. Pasipowezekana kuepuka, itumike kebo yenye kinga ya chuma, nayo iungwe vizuri na ardhi. Ya nje iwe na ganda la kustahimili jua na mvua.

Basi tawi linalotaka kununua kebo kwa fedha za ada za wanachama liulize maswali matatu dukani na kwa fundi: Umbali ni mita ngapi? Kebo itafanya kazi gani? Je, ni shaba tupu?

Na mahali pa kazi, saa za mfanyakazi zikipotea, wajumbe wa kamati watake kebo ipimwe kabla mtu hajaambiwa kuwa hakufika kazini. Kila ndugu naye aandike saa zake mwenyewe kila siku. Kebo yaweza kukatika, lakini maandishi yako yatabaki.