Usubi na pupa, maadui wa farasi mchanga

Katika mashamba ya Embu, mnyama wa mizigo ni punda. Farasi huonekana zaidi kaskazini mwa Mlima Kenya, katika Kaunti ya Meru, ambako wageni wa hifadhi ya Lewa huwapanda na kupita kati ya pundamilia.

Pundamilia hao ndio chanzo cha hofu. Hubeba virusi vya maradhi ya farasi ya Kiafrika pasipo kuugua, nao usubi, unaouma hasa magharibi hadi alfajiri, huvieneza. Punda wa Embu huyastahimili. Farasi asiyechanjwa aghalabu hufa, kwani tiba haipo. Kwa hivyo, kabla ya kufunzwa lolote, farasi mchanga sharti achanjwe, na msimu wa mvua alazwe bandani jua lisijatua.

Mafunzo nayo hayataki pupa. Mashindano ya fani tatu hudai mwendo wa utiifu, mbio za nyika zenye vizuizi vigumu, kisha kuruka viunzi uwanjani. Farasi wa mbio za Ngong huweza kushindana akiwa na miaka 2 tu. Wa fani tatu huanza kupandwa akiwa na 3 au 4, tena kwa muda mfupi, maana mifupa ya mgongo hukomaa akikaribia miaka 6. Mashindano ya dunia ya farasi wachanga, huko Le Lion d'Angers, Ufaransa, ni ya wenye miaka 6 na 7.

Kufika huko ni shida nyingine: kwa maradhi yayo hayo, farasi atokaye Kenya huwekewa masharti makali ya karantini.