Kohoti: Kutoka Jeshi la Roma hadi Kliniki za Beni

Katika jeshi la Roma ya kale, kohoti ilikuwa kikosi cha askari wapatao 480, na kohoti kumi zilifanya lejioni moja. Leo watafiti wa afya huita kohoti kundi la watu waliopitia jambo moja, wanaofuatiliwa kwa miaka ili ijulikane wanaendeleaje.

Wakazi wa Beni na Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanayajua hayo kwa uchungu. Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 iliua watu 2,287 katika mikoa mitatu kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Walionusurika, zaidi ya 1,100, huitwa washindi, nao ni kohoti ya aina hiyo.

Lakini kupona si mwisho. Virusi huweza kujificha ndani ya jicho, au katika shahawa kwa miezi mingi. Ndiyo maana washindi hao walikuwa wakirudi kliniki: macho yalikaguliwa, maumivu ya viungo yalisikilizwa, shahawa zilipimwa. Huduma hiyo ni haki yao, wala wasinyanyapaliwe kwa ajili yake.

Februari 2021 Ebola ilizuka tena upande wa Butembo. Vinasaba vya virusi vilionyesha ni mwendelezo wa mlipuko uleule.